Dashibodi ya Land Rover 109 yangu: siku 19 katika gereji isiyo na kibao, Arusha

Nimekaa na kazi hii miezi minne kabla ya kuiandikia. Dashibodi iliyotoka kwa fundi jana hupendeza hata kama imebandikwa kwa gundi ya viatu. Nilitaka yangu ipigwe kwanza na jua la Longido na vumbi la njia ya Kitumbeine, ndipo niseme. Imepigwa. Nililipa shilingi 1,240,000, nikasubiri siku 19 badala ya 10 nilizoambiwa, nikarudi gerejini mara moja kwa kosa lao, na bado gari la mtu wangu wa karibu ningelipeleka pale pale.

Gari ni Land Rover 109, Series III (yaani toleo la tatu), pikapu ya mwaka 1978, injini ya petroli. Marehemu baba aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, akaitumia shambani Ngaramtoni mpaka macho yalipomkatalia kuendesha. Mimi ni daktari wa mifugo. Wateja wangu wengi wako Longido, kilomita 80 hivi kutoka Arusha ukishika barabara ya Namanga, na wengine wako mbali zaidi, ukiiacha lami na kuingia njia za ng'ombe. Kuna siku naingia ndani ya gari hilo alfajiri na kutoka usiku. Naandikia humo, nakula humo, nahesabu humo dozi za chanjo. Kwa hiyo dashibodi kwangu ni meza ya kazi, na meza hiyo ilikuwa imeoza.

Anayezijua Series III atanielewa haraka. Juu, chini ya kioo cha mbele, kuna bati lililovikwa sponji na reksini nyeusi. Mbele ya dereva kuna geji mbili kubwa za duara: moja ya spidi, nyingine imegawanywa, nusu ya mafuta na nusu ya temperecha. Kabla ya mwaka 1971, kwenye Series II, geji zilikaa katikati ya gari, ndiyo maana abiria wa 109 za zamani zaidi anajua spidi kuliko dereva. Chini yake kuna rafu ndefu ya kuwekea vitu, na chini kabisa ya kioo kuna vile vidirisha viwili vya hewa vinavyofunguliwa kwa mkono. Basi. Ni dashibodi ya watu waliotaka gari lifanye kazi, na mimi naipenda hivyo.

Reksini ya juu ndiyo iliyokuwa imekufa kwanza. Reksini hulainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu, na joto huyavukiza kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Ule ukungu wa mafuta unaoganda upande wa ndani wa kioo cha mbele, mwingi ni hayo yanayotoroka. Yakiisha, reksini inasinyaa, inavuta mishono, inapasuka. Yangu ilikuwa na nyufa saba, na ule mkubwa uliingia kidole. Baba aliuziba kwa tepu nyeusi na tepu nayo ikapasuka. Sponji ya ndani ilishakuwa unga wa njano. Kila gurudumu likiingia shimoni, unga ule ulininyunyizia daftari.

Lakini kilichonipeleka gereji si nyufa. Mwaka juzi nilifungiwa redio na alamu katika gereji nyingine ya mjini. Sitaitaja. Walikata wayaringi ya kiwandani mahali pasipopungua sita, wakaunga kwa kusokota na kufunga tepu, na kwa sababu walitaka kunifurahisha wakapiga rangi mpya lile bati la nyuma ya geji. Tangu siku hiyo geji zangu zikawa waongo. Mshale wa temperecha ukawa unakaa karibu na nyekundu hata asubuhi ya baridi kule Oldonyo Sambu. Nikawa nasimama, nafungua boneti, nasubiri. Nikabadilisha themostati. Nikaosha rejeta. Nikatumia zaidi ya laki mbili na nusu kuutibu ugonjwa ambao injini haikuwa nao.

Geji ya mafuta nayo ilidanganya. Jioni moja nikitoka Kitumbeine gari lilizima, mshale ukinionyesha robo. Nilikuwa na boksi la baridi lenye chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo haitakiwi kuvuka nyuzi 8. Kijana mmoja wa boma la jirani alikwenda kwa pikipiki kunitafutia petroli, akarudi na dumu usiku wa manane. Mungu ambariki popote alipo. Barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji. Chanjo zile nilizimwaga, na wiki nzima iliyofuata nikawa nawaeleza wafugaji walioamka alfajiri kukusanya mifugo kwa nini hawakuniona.

Siku chache baadaye nilisikia harufu ya plastiki inayoungua kutoka chini ya usukani. Hapo nikasema imetosha.

Gereji ninayoiandikia iko upande wa Sombetini, haina kibao, na mwenyewe hataki jina lake lisambazwe kwa sababu kazi alizo nazo zinamshinda tayari. Tangu tamasha la Land Rover lililofanyika hapa Arusha Oktoba 2024, nimeona magari yaliyolala chini ya miembe miaka na miaka yakiamshwa, na mengi yanaishia kwenye viwanja kama hiki. Ukifika utaona 109 tatu au nne zikiwa wazi vifua, mashine ya kushona chini ya turubai, na kibanda cha mabati ambamo mzee mmoja anakaa na makopo ya Blue Band yaliyojaa geji, swichi, balbu na vioo vya duara, kila kopo na karatasi yake. Wako watatu: mzee wa geji, fundi wa reksini, na kijana wa waya ambaye ni mjukuu wa mzee.

Nilimsalimu, nikataka kuanza kumwonyesha nyufa. Akanizuia.

"Daktari, ng'ombe akiletwa kwako unaanza kumtazama ngozi?"

"Hapana, mzee. Nauliza kwanza anakula vipi."

"Basi niambie hili gari linakula vipi."

Nikamweleza habari ya mishale. Akauliza swali moja tu: zote mbili zinadanganya upande mmoja? Nikafikiri. Ndiyo, zote mbili zinasoma juu kuliko kweli. Akatikisa kichwa polepole. "Mashahidi wawili wakisema uongo wa namna moja, yupo aliyewapanga."

Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo lililonifanya niandike, na nina hakika wako wenye Series III wanaonunua rejeta leo bila sababu.

Geji za mafuta na temperecha kwenye gari hili, zile za Smiths, hazisomi umeme wa betri moja kwa moja. Umeme wa gari hupanda na kushuka: injini ikizimwa ni volti 12 na kitu, alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, ikifanya kazi unafika 14. Kama geji zingekula umeme huo, mshale ungepanda kila ukikanyaga mafuta. Kwa hiyo nyuma ya geji kuna kidude kidogo, mafundi wanakiita stabilaiza, kinachozipa geji zote mbili wastani wa volti 10. Ndani yake kuna kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja kinachopashwa moto na waya mwembamba. Kikipata moto kinajikunja na kukata umeme. Kikipoa kinanyooka na kuuruhusu tena. Siku nzima kinafanya hivyo. Lakini ule waya wa kukipasha moto unahitaji ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari, na ethi yake hupatikana kwa kile kidude kugusana na bati. Wale waliopiga rangi walikifungua, wakapaka bati, wakakifunga juu ya rangi. Rangi ikakata ethi. Kisipopata moto hakijikunji, kisipojikunja hakikati, na geji zinapokea volti zote za gari. Mishale yote inapanda.

Mzee alionyesha hayo kwa balbu ndogo ya majaribio na waya mbili. Aligusisha balbu kwenye njia ya geji: ikawaka moja kwa moja, bila kupepesa. Akakwangua rangi kwa ncha ya bisibisi, mahali padogo kama ukucha, akafunga tena. Tukangoja. Balbu ikaanza kuwaka na kuzimika. Mshale wa mafuta ukashuka taratibu mbele ya macho yangu kutoka nusu mpaka juu kidogo ya mstari wa mwisho, na hapo ndipo ulipostahili kuwa, kwani tangini mlikuwa na petroli ya kunifikisha kituoni tu. Sikusema neno. Nilikuwa nafikiria boksi la chanjo.

Hatimaye tulikubaliana aweke stabilaiza mpya ya kielektroniki ya volti 10, iliyobanwa kwa boliti kwenye bati safi ili ipoe, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imechoka na ilikawia kushtuka. Baadaye alifanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya: alikausha tangi, akaanza kumimina petroli lita tano tano huku mjukuu akiandika mshale umefika wapi. Karatasi ile nimeibandika nyuma ya kivuli cha jua. Najua sasa kwamba gari langu likionyesha robo, nina lita ngapi kwa kweli.

Kijana wa waya naye nampa heshima yake, pamoja na kosa nitakalolisema. Waya za magari haya ya Kiingereza zina lugha ya rangi. Ya kahawia inatoka betri moja kwa moja, haizimwi na ufunguo. Nyeupe inapata umeme ufunguo ukiwashwa. Kijani iko baada ya fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, bluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi. Kijani yenye mstari mweusi inakwenda kwenye tangi, kijani yenye mstari wa bluu inakwenda kwenye temperecha ya injini. Wale wa kwanza walikuwa wameunga nyekundu kwenye kijani na njano kwenye kila kitu. Huyu kijana alitoa viungo vyote vya kusokota, akalehemu kwa risasi, na kila waya aliyoibadilisha aliitafutia rangi yake ile ile. Nilimuuliza kwa nini anahangaika wakati itafunikwa. Akajibu kwamba siku moja gari litamharibikia mtu usiku mbali na hapa, na fundi wa huko atakuwa na tochi tu na zile rangi.

Harufu ya kuungua ilitoka kwenye swichi ya taa iliyo kwenye usukani. Kwenye Series III umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi ile, na waliotangulia walinifungia balbu zenye nguvu kuliko za awali. Plastiki ilikuwa imeanza kulainika. Kijana akaweka relei mbili, yaani swichi za kubeba umeme mkubwa, moja ya taa za mbali na moja ya taa za chini, swichi ikabaki na kazi ya kutoa amri tu. Pia akaongeza boksi la fyuzi nane, maana fyuzi za kiwandani unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na ukabakiwa na vidole. Kila kitu changu kipya kina fyuzi yake: soketi ya boksi la baridi, yenye waya mnene kutoka betri na fyuzi ya ampea 15, soketi ya USB ya simu, na taa ndogo ya kusomea iliyo juu ya rafu, nyekundu, isiyoniumiza macho nikitaka kurudi kuendesha gizani.

Kosa sasa. Geji zangu zilikuwa na mwanga hafifu wa njano, na kijana akanishauri tuweke balbu za LED kote. Nikakubali. Zilipendeza sana. Kesho yake nikiwa narudi kutoka Longido usiku, kabla ya kufika Oldonyo Sambu, taa za mbele zikaanza kufifia. Nikafika nyumbani kwa mwanga wa kubahatisha na betri ikiwa imekwisha kabisa. Sababu ni ile taa nyekundu ya chaji. Alteneta ya zamani ya Lucas inahitaji umeme mdogo upite kwenye balbu ya taa hiyo ndipo ianze kuzalisha. Balbu ya kawaida ya wati 2.2 inapitisha wa kutosha, LED inapitisha kidogo mno. Alteneta ilikuwa nzima, haikuamshwa tu. Mzee alipoona, hakuniachia nieleze mpaka mwisho. Akachukua balbu ya kawaida kutoka kopo la tatu, akaiweka mwenyewe, akapima, akamwita mjukuu na kumfundisha mbele yangu kwa sauti ya chini, bila kumfedhehesha. Hawakunitoza, na walinipa betri ya kutumia siku mbili yangu ilipokuwa kwenye chaja. Nililala na hasira usiku ule, na hasira ile ilikuwa ya haki, kwa sababu mwanamke peke yake kwenye barabara ya Namanga bila taa si jambo la kuchukulia hivi hivi. Lakini namna walivyolibeba kosa lao ilinitosha. Ukiwa na 109 na unataka LED kwenye dashibodi, weka kote, ila taa ya chaji iachie balbu yake.

Fundi wa reksini ni mtu wa maneno machache. Mimi nilikwenda na wazo langu: nilitaka dashibodi yote iwe rangi ya kahawa, ile reksini inayong'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Hakubishana. Alikata kipande, akakilaza juu ya dashibodi, akaniomba niendeshe kuelekea magharibi saa kumi na moja jioni. Nilirudi baada ya dakika kumi. Kipande kile kilikuwa kimejichora chote kwenye kioo cha mbele, nilikuwa natazama barabara kupitia kivuli cha kahawa. Kwa mtu anayeendesha jioni jua likimtazama usoni, huo ni upofu wa kujinunulia. Basi juu tukaweka nyeusi isiyong'aa hata kidogo, yenye vinyweleo vidogo kama ile ya asili, na rangi ya kahawa ikashuka kwenye ukingo wa rafu na kwenye paneli ya katikati, mahali ambapo jua halifiki. Imekaa vizuri kuliko nilivyowaza mwenyewe.

Kazi yake ilikwenda hivi. Aliivua ngozi yote ya zamani, akakwangua unga wa sponji mpaka bati tupu. Hapo ndipo kutu ilipoonekana. Watu husema Land Rover haishiki kutu kwa sababu bodi ni aluminiamu, na ni kweli kwa bodi, lakini ule ukuta kati ya injini na miguu yako ni chuma, na sehemu yake ya juu chini ya kioo hukaa na unyevu uliofichwa na sponji. Kwangu, pembe ya kushoto ilikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu. Walikata sehemu mbovu, wakachomelea bati jipya, wakapiga msasa na rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, na safari hii wakaziba kwa tepu kila mahali pa ethi kabla ya kupaka. Baadaye fundi akabandika sponji ngumu, akaichonga kwa msasa mpaka ikafuata umbo, akashona reksini mshono mmoja mrefu wa mbele, akapaka gundi pande zote mbili na kungoja mpaka ikauke kiasi cha kunata kidoleni. Ndipo akaivuta juu kwa mikono huku akiipasha kwa mashine ya hewa moto. Kabla ya kuifunga garini aliiacha juani siku mbili nzima. Aliniambia gundi mbaya hujitaja siku ya pili.

Miezi minne sasa. Hakuna kona iliyoinuka.

Rafu ndiyo sehemu niliyoibuni mwenyewe. Nilichora kwenye daftari, nikapeleka vipimo vya vitu vyangu halisi. Walikunja bati la aluminiamu la milimita 2, wakalivika reksini ile ile, likakaa ndani ya rafu ya asili bila kutoboa tundu hata moja jipya. Lina nafasi ya bomba la sindano likiwa limelala, koleo la hereni za ng'ombe, boksi la hereni zenyewe, daftari likiwa limesimama, na tundu la chupa ya chai. Upande wa mbele lina ukingo wa sentimita tatu, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inanimwagia kila kitu miguuni nikipanda korongo. Wiki ya kwanza nilinyoosha mkono mara kadhaa kutafuta koleo kwenye sakafu, nikalikuta mbele yangu.

Kijana aliniuliza kama nataka skrini kubwa ya Android katikati. Ingemlazimu kukata paneli ya chuma ya asili. Mzee, ambaye angepata fedha zaidi kwa kazi hiyo, akasema simu yangu inajua njia zote za skrini hiyo na bati likishakatwa halirudi. Nikanunua kishikio cha simu kwa shilingi 15,000. Sijawahi kuijutia fedha hiyo.

Ambayo hayakunipendeza nayo niyaseme. Siku 19 ni nyingi kwa mtu anayeishi kwa gari. Nyingine zilipotea kwa kungoja reksini isiyong'aa kutoka Dar es Salaam, na hilo nalielewa, ila hakuna aliyenipigia simu. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza kila asubuhi, na siku mbili nilikodi gari kwa fedha zangu. Skrubu za paneli wamechanganya, nyingine za kichwa cha msalaba na nyingine za mstari, na mtu anayezipenda Land Rover ataliona hilo kabla hajaketi. Mshale wa spidi bado unacheza chini ya kilomita 30 kwa saa. Waliuchomoa waya wake, wakaupaka grisi, ukatulia kwenye lami lakini si kwenye njia mbovu. Mzee anasema waya wenyewe umechoka na unahitaji mpya. Kidirisha cha hewa cha kushoto kilibadilishwa raba, na bado kinaingiza vumbi kidogo, sio lile la zamani lililokuwa linanifanya nifunike pua kwa kitambaa. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono. Ukihitaji ya ofisi, zungumza nao mapema.

Gharama, kwa anayetaka kujipanga: reksini, sponji na ushonaji 280,000, waya, relei, boksi la fyuzi na soketi 420,000, kukata kutu, kuchomelea na rangi 230,000, rafu ya aluminiamu 150,000, stabilaiza, balbu, raba za vidirisha na vikorokoro vingine 160,000. Nilipunguziwa kidogo kwenye waya kwa sababu ya yale ya alteneta, nami nimekwisha kuiondoa punguzo hiyo hapo. Wanataka nusu mwanzoni. Nilitoa, nikapewa karatasi yenye sahihi, na hawakuongeza hata shilingi baada ya hapo, ingawa wangeweza na ningelipa.

Ukienda, piga picha za dashibodi yako kabla hawajaigusa, hasa nyuma ya geji. Peleka vitu unavyovibeba kila siku ili wavipime. Nenda kabla ya saa saba mchana, kwa sababu mzee akishapata chakula analala, na bila yeye utafunguliwa reksini tu. Mwamkie vizuri, kaa kwenye benchi, na akikuuliza gari linakula vipi, mjibu kwa utulivu na kwa ukweli wote, pamoja na yale unayodhani hayahusiani.

Jumamosi namrudia na waya mpya wa spidi. Nimeupata, na nimekwisha kupima urefu wake dhidi ya ule wa zamani.